Pedali za kunasa kiatu: kujinasua kwa wakati, na la kufanya ukienda chini

Swali la kwanza la kila anayefikiria kununua pedali zinazonasa kiatu ni lilelile: baiskeli ikianguka, si nitaanguka nayo? Inategemea unaanguka ukiwa na kasi gani, na kinyume na watu wanavyodhani, ni ule mwendo wa pole wenye matatizo. Anayeteleza kwenye kona akiwa kasi, mwili wake huenda huku na baiskeli ikaenda kule, na msokoto unaotokea kati yao ndio hasa ambao pedali imeundwa kuuachia. Lakini anayesimama kwenye taa nyekundu akasahau mguu, huinama taratibu kama mti uliokatwa, yeye na baiskeli wakiwa kitu kimoja. Hakuna kilichosokotwa, hivyo pedali haina sababu ya kumwachia.

Ndiyo maana mwongozo huu utatumia maneno mengi zaidi kwenye kusimama kuliko kwenye ajali za kutisha.

1. Jua kinachokushika

Chini ya soli ya kiatu hufungwa kipande kidogo cha chuma au plastiki kinachoitwa kliti. Pedali nayo ina midomo miwili: wa mbele umetulia, wa nyuma unasukumwa na springi. Ukikanyaga, ncha ya kliti inaingia mbele, wayo unashuka, mdomo wa nyuma unarudi na kufunga kwa mlio wa "tak". Kutoka, unageuza kisigino kwenda nje. Kliti inausukuma mdomo wa nyuma mpaka springi inasalimu amri, na mguu uko huru. Kwenye pedali nyingi za SPD, mfumo wa kampuni ya Shimano, kugeuza kwa nyuzi 13 hivi kunatosha.

Shika neno hilo: kugeuza. Kuvuta mguu juu moja kwa moja ndiko pedali inakokuzuia, kwa kuwa ni nguvu hiyohiyo unayoitumia ukipanda mlima umesimama. Na mtu akishtuka, jambo la kwanza analofanya ni kuvuta juu. Karibu kila anguko la mgeni wa pedali hizi limeanzia hapo: mwili ulifanya kile ambacho umekifanya maisha yote kwenye pedali za kawaida.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye theluji. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, vile vinavyouachia mguu kabla mfupa haujavunjika, na mwaka 1984 ikatoa pedali ya barabarani yenye kanuni hiyohiyo. Mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault akashinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France akizitumia. Kabla ya hapo waendesha baiskeli wa mashindano walijifunga kwa vikapu vya chuma na mikanda ya ngozi, na ili kutoka ilibidi uinamishe mkono na kuulegeza mkanda. Cinelli ya Italia ilijaribu pedali ya kunasa mapema zaidi, ile M71 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini nayo ilifunguliwa kwa mkono. Kwa hiyo ukisikia mzee wa baiskeli akisimulia jinsi alivyofungwa akashindwa kutoka, muulize kwanza ni pedali za zama zipi.

2. Amua kama unazihitaji, kisha chagua zinazosamehe

Nianze na wasiozihitaji. Ukiwa na mifupa iliyodhoofika, nyonga iliyowahi kufanyiwa upasuaji, au shida ya kusimama wima bila kuyumba, anguko moja la kwenye taa linaweza kukugharimu kuliko faida yote ya pedali hizi. Vilevile kama safari zako ni za kusimama kila baada ya mita mia mbili. Pedali bapa yenye vijino vizuri na kiatu chenye soli tambarare itakufikisha. Hakuna aibu hapo, ingawa pedali bapa nazo zina lao: mguu ukiteleza, vile vijino hupasua muundi, na kwenye mteremko wa mawe mguu unaweza kuruka kabisa ukakuacha umekalia bomba la juu la fremu.

Ukiamua kuendelea, mwanzoni chukua mfumo wa skrubu mbili kama SPD, ambao Shimano waliuleta mwaka 1990. Kliti yake ni ya chuma, ni ndogo, na imezama ndani ya soli, hivyo ukishuka unatembea kama binadamu. Pedali nyingi za aina hii zina midomo pande zote mbili, kwa hiyo hutazami chini kutafuta upande sahihi katikati ya makutano ya barabara. Mifumo ya skrubu tatu ya barabarani, kama SPD-SL na Look Keo, ina kliti kubwa ya plastiki inayochomoza. Inasambaza nguvu vizuri, lakini pedali inanasa upande mmoja tu, na ukitembea kwenye sakafu laini unateleza.

Ndani ya SPD kuna uamuzi mdogo ambao wauzaji wengi hawautaji. Kliti ya kawaida, SH51, inaachia ukigeuza kisigino kando tu. Ile ya SH56 inaachia kwa pembe nyingi zaidi, hata ukigeuza mguu huku ukiuinua. Ubaya wake ni kwamba ukivuta kwa nguvu sana inaweza kukuachia wakati hutaki. Kwa mtu anayejifunza naona biashara hiyo ni ya haki, kwani hatari yake kubwa ni kushindwa kutoka. Siku akianza kukimbizana na wenzake akiwa amesimama juu ya pedali, abadilishe.

Kliti za barabarani zina rangi, na rangi zina maana. Za SPD-SL: nyekundu haichezi kabisa, buluu inacheza nyuzi 2, njano nyuzi 6. Za Look Keo: nyeusi 0, kijivu 4.5, nyekundu 9. Angalia kwamba nyekundu ya huku si nyekundu ya kule. Mchezo huo ni nafasi ya kisigino kuyumba kabla springi haijaanza kupambana nawe. Magoti yanaupenda, lakini kadiri unavyokuwa mwingi ndivyo unavyolazimika kugeuza mguu mbali zaidi kabla ya kuachiwa. Kwa anayeanza, rangi ya katikati au ya mchezo mwingi ni sawa, mradi mguu ujifunze kufika mwisho wa mgeuko.

Crankbrothers, kampuni nyingine ya pedali, hawana skrubu ya kukaza springi, ila kliti zao za kawaida zina ujanja: ukizibadilisha kati ya kiatu cha kushoto na cha kulia, pembe ya kuachia inahama kati ya nyuzi 15 na 20. Chagua 15.

3. Funga kliti kama maisha yako yameshikwa na skrubu mbili

Kwa kweli yameshikwa nazo. Hii ndiyo hatua ambayo watu huipitia haraka na ndiyo inayoleta anguko baya kuliko yote ya mwendo wa pole, kwa sababu hata mtu aliyezoea hawezi kujitetea.

Hebu ona kinachotokea. Kliti ya SPD imeshikwa na skrubu mbili. Moja ikilegea ikadondoka njiani, iliyobaki inageuka kuwa egemeo. Sasa unageuza kisigino, kiatu kinageuka, lakini kliti inabaki palepale ndani ya pedali. Unageuza zaidi, kiatu kinazunguka zaidi, hakuna kinachoachia. Umefungwa, na umegundua hivyo ukiwa tayari unasimama.

Kwa hiyo:

Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kuzifunga. Hii inakusaidia kuzikaza ipasavyo na siku moja kuzifungua bila kuliharibu tundu.

Kaza kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, skrubu moja kidogo, ya pili kidogo, kwa zamu, mpaka newton-mita 5 hadi 6. Kama huna spana inayopima, shika alenki fupi na ukaze mpaka mkono uhisi imegoma kabisa, bila kuning'inia juu yake.

Rudia kukaza baada ya safari ya kwanza. Chuma cha kliti huuma ndani ya soli mara ya kwanza unapoikanyaga, na skrubu iliyokuwa imekaza nyumbani inakuwa imelegea ukirudi. Baada ya hapo, pitisha alenki kila unaposafisha cheni.

Na kama siku moja utajikuta kiatu kinazunguka bila kuachia? Usisimame. Endelea kukanyaga polepole ukitafuta nguzo, ukuta au uzio wa kushika, au elekea kwenye nyasi. Nasua mguu mzima, usimamie huo, kisha ufungue kiatu cha mguu ulionasa na kuutoa mguu wazi. Kiatu kibaki kwenye pedali, utakishughulikia ukiwa umesimama salama.

4. Legeza springi kuliko unavyodhani inafaa

Kwenye pedali nyingi kuna skrubu ndogo, mara nyingi ya alenki ya milimita 3, yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Zungusha kuelekea kutoa. Utasikia inagonga hatua kwa hatua. Hesabu hatua hizo ili pande zote zilingane. Pedali yenye midomo pande zote mbili ina skrubu mbili, hivyo kwenye baiskeli nzima ziko nne. Anayelegeza mbili tu atakuwa na mguu unaotoka kirahisi leo na kugoma kesho, kulingana na upande ulionasa, kisha atailaumu pedali. Usizungushe kupita kiwango cha mwisho, maana bamba la springi linaweza kung'oka. Nyingi zina kidirisha au alama ya kuonyesha umefika wapi.

Kuna imani kwamba springi iliyokaza ni ya watu wenye nguvu. Iachie imani hiyo kwa wenye kuishikilia. Kaza tu pale mguu unapochomoka bila ruhusa ukiwa unapanda mlima, na hapo kaza hatua moja, ujaribu, ndipo uongeze nyingine. Kuchomoka bila ruhusa kuna hatari yake: mguu unatoka ghafla ukiwa umesimama juu ya pedali, uzito wote unakosa pa kuegemea, na unaangukia usukani. Lakini kabla hujagusa springi, itazame kliti kwanza. Iliyolika mbele huachia ovyo, na hakuna kukaza kutakakoiponya.

5. Fundisha kisigino kabla ya kutoka

Simama kando ya ukuta, mkono mmoja ukutani, breki zote zimeshikwa. Nasa mguu mmoja, nasua. Usihesabu mara ngapi. Endelea mpaka uache kufikiri. Kisha mguu wa pili, maana siku baiskeli itakapokuinamia upande usiouzoea hutakuwa na muda wa kuufundisha.

Jifunze ukiwa na kranki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, chini, mguu karibu umenyooka. Hapo kisigino kina nafasi ya kwenda nje na uzito wako uko tayari kuhamia ardhini. Ukigeuza kisigino kwenda ndani kinagonga kranki au bomba la nyuma la fremu, kwa hiyo sahau mwelekeo huo.

Baada ya ukuta, nenda kwenye nyasi tambarare. Shusha siti kidogo ili mguu ufike chini bila kunyata. Zunguka polepole, nasua, simama, nasa, ondoka. Halafu fanya zoezi ambalo wengi huliruka: nasua kwa amri. Mtu mwingine aseme "sasa!" wakati usioutarajia, nawe utoke bila kutazama chini. Kunasua ukiwa umejiandaa kila mtu ataweza. Utakakokuhitaji barabarani ni kunasua kwa kushtukizwa, na mwishoni mwa safari ndefu miguu ikiwa imechoka, huko ndiko kunakokuwa kuvivu.

6. Kusimama

Amua mguu mmoja uwe wa kusimamia daima. Kanuni ya kawaida ni mguu wa upande wa ukingo wa barabara: kushoto kwa wanaoendesha kushoto, kulia kwa wanaoendesha kulia. Sababu ni kwamba ikitokea ukaangukia upande wa mguu ulio tayari, unaangukia mbali na magari. Kama mguu wako imara ni ule mwingine, kuna hoja pande zote mbili; mimi ningechagua ukingo na kuuzoesha mguu dhaifu.

Kisha utaratibu wenyewe. Ukiona mbele kuna jambo, taa, mzunguko, mtoto na mpira, nasua papo hapo, ungali na mwendo. Huna haja ya kutoa mguu kwenye pedali. Uache umelala juu yake, katikati ya wayo au kisigino, ukiendelea kukanyaga kwa mguu mmoja ikibidi. Taa ikigeuka kijani kabla hujafika, umepoteza nini? Hakuna. Anayengoja hadi magurudumu yakaribie kusimama ndipo aguse kisigino ameacha nusu sekunde ya akiba, na nusu sekunde hiyo huliwa na jambo dogo kama kokoto chini ya tairi.

Punguza gia kabla ya kusimama. Ukiondoka na gia nzito, kanyago la kwanza linazama polepole, baiskeli inayumba, na mguu wa pili unatafuta pedali huku mwendo ukiwa hautoshi kukushika wima. Hapo unaweza kuanguka huku ukiwa umenasa mguu mmoja ule ambao hukuupanga.

Sasa jambo linalowaumiza hata wazoefu. Umenasua kushoto vizuri, umesimama, na baiskeli inaamua kuinama kulia. Mguu wa kulia bado umenasa, uzito umeshapita katikati, huna la kufanya. Kinga yake ni ndogo: mita ya mwisho kabla ya kusimama, hamisha makalio kidogo upande wa mguu ulio huru, na ugeuze usukani kidogo upande wa pili. Magurudumu yanakwenda kulia, mwili unaegemea kushoto, mguu unagusa ardhi kama ulivyopanga. Baada ya muda mwili utalifanya lenyewe. Kwenye barabara iliyobinuka kuelekea ukingoni, kumbuka ardhi ya upande huo iko chini zaidi kuliko unavyotarajia, na mguu unaweza kuikosa kwa kidogo tu.

Mlima ni sura nyingine ya tatizo hilo. Mwendo unashuka, unaongeza nguvu, cheni inaruka au tairi la mbele linainuka, baiskeli inasimama ghafla na miguu yote miwili imenasa, tena imekaza kwa sababu unakanyaga kwa nguvu zote. Ukihisi kwamba kanyago tatu zijazo hazina uhakika, nasua mguu mmoja wakati ungali unasogea. Kusukuma baiskeli ni sehemu ya mchezo. Na ukitaka kuondoka tena kwenye mlima huohuo, usiondoke ukiwa umeelekea juu. Geuza baiskeli ikate barabara kama hakuna gari, upate mizunguko miwili mitatu ya kunasa mguu wa pili, kisha ukunje kuelekea juu.

Wenye baiskeli ya gia moja isiyoteleza, ile ambayo kranki huzunguka daima pamoja na gurudumu, wao wajifunze kunasua pedali ikiwa inazunguka, kila mara kisigino kikifika chini. Hawana anasa ya kutuliza miguu.

7. Baiskeli ikishaondoka

Anguko la pole. Umegundua umechelewa, unakwenda kando. Silika inanyosha mkono kuipokea ardhi, na huo mkono ulionyooka ndio unaovunjika: kifundo cha mkono, kiwiko, au nguvu inapanda hadi kwenye mtulinga. Ubaki umeshika usukani. Kunja viwiko, ingiza kidevu kifuani, acha ubavu wa paja, nyonga na bega vigawane kishindo. Utapata michubuko, na watu watakutazama. Kusema kweli ni vigumu kuizuia silika hiyo, kwa hiyo kama una nyasi laini au godoro kuukuu, jiangushe kwa makusudi ukiwa na helmeti na glavu. Kuvuta mguu juu kwa hasira unapoanguka hakutakusaidia. Kama bado kuna nafasi, piga kisigino nje, basi.

Anguko la kasi. Usifikirie pedali kabisa. Kazi yako ni breki, macho na usukani, kwani kila sekunde uliyokuwa wima ukipunguza mwendo inapunguza kishindo. Kumwambia mtu anasue miguu akiwa anapoteza tairi la nyuma kwenye kona ni kumwambia aondoe uzito kwenye pedali wakati huohuo anauhitaji ili asianguke. Mara nyingi baiskeli itakuachia yenyewe nyonga ikishaanza kwenda njia yake. Mara nyingi, si mara zote: springi iliyokaza, kliti iliyojaa tope, au mguu uliokwenda sambamba na baiskeli vinaweza kukushikilia ukaburutwa nayo. Hapa ndipo ile skrubu ya springi ya sehemu ya 4 inapolipa.

Kwenye njia za mawe na mizizi mambo hubadilika kidogo. Miguu iliyonasa haiyumbi ardhi ikitetemeka, na hilo huzuia maanguko mengi ambayo hayasimuliwi kwa kuwa hayakutokea. Upande wa pili, anayetumia pedali bapa anaweza kutupa mguu nje kwenye kona yenye utelezi na kuokoka. Ndiyo maana wapo mabingwa wa mashindano ya kushuka milima waliotumia kila aina. Sehemu usiyoijua au unayoiogopa, nasua mguu mmoja mapema na uipite hivyo, au shuka utembee.

8. Uko chini, na mguu bado umenasa

Tulia kwanza. Sikiliza mwili kabla hujajipinda, na kama uko barabarani tazama kama kuna gari linakuja.

Tuseme umelalia ubavu wa kulia. Mguu wa kushoto uko juu, huo utoke kwanza kwa kugeuza kisigino nje kama kawaida. Wa kulia ndio mtihani: kwake yeye, "nje" sasa ni kuelekea ardhini, na ardhi haimpishi. Usipambane nayo. Inua baiskeli kidogo kwa mikono au kwa mguu ulio huru, kisigino kipate nafasi, kisha geuza. Ikishindikana, fungua kiatu. Velkro na vifungo vya kuzungusha ni rahisi hapa kuliko kamba ndefu zilizofungwa mafundo.

Kama wewe ndiye umemkuta mwingine amelala hivyo, usivute mguu. Usimgeuzie kisigino pia kama analalamika goti, nyonga au paja. Msokoto unaofungua pedali ni msokoto huohuo unaoweza kuchokoa mfupa uliovunjika. Mwache alale, zuia magari yasimfikie, mtu mmoja ashike baiskeli isimkandamize, mwingine afungue kiatu na kuiondoa baiskeli polepole pamoja na kiatu chake. Kama anasema shingo au mgongo unamuuma, au haeleweki anachosema, asisogezwe isipokuwa hatari iliyo mbele yake ni kubwa kuliko hiyo. Ita msaada wa dharura, na baiskeli ingoje.

9. Kabla ya kupanda tena

Bonyeza kile kishimo kilicho kwenye shina la kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono. Kikiuma, nenda hospitali hata kama mkono unafanya kazi, na umwambie daktari umeanguka na mkono umenyooka. Mfupa mdogo ulio hapo, skafoidi, unaweza kuvunjika bila kuonekana kwenye picha ya kwanza ya eksirei, na ukiachwa huunga vibaya. Mtu mzima aliyeangukia nyonga na hawezi kuukanyagia mguu asijaribu "kuutembeza upoe". Kichwa kikigonga, helmeti hiyo imemaliza kazi hata kama haina ufa, na safari imekwisha ukiwa na kizunguzungu, kichefuchefu au kumbukumbu yenye mapengo.

Kwenye baiskeli, kama imeangukia kulia, simama nyuma yake utazame kibadilisha gia. Kile kipande chembamba kinachokishikilia hupinda kwa urahisi, na kikipinda kuelekea ndani, ukiingiza gia nyepesi kabisa, yaani duara la meno lililo kubwa kuliko yote nyuma, cheni inasukuma kibadilisha gia ndani ya spoki. Huko gurudumu hufunga ghafla, na anguko la pili ndilo linalokuwa kubwa. Ikibidi uifikishe nyumbani, baki kwenye gia za katikati.

Kisha pedali. Zungusha kwa kidole uone kama ekseli imepinda, toa mchanga na tope kwenye midomo, geuza kiatu uone kliti ina skrubu zake zote mbili na haijasogea. Kliti iliyohama hata kidogo inabadilisha pembe ya kuachia, na utaijua kwa kugoma. Shika kitu, nasa na unasue kila mguu, pande zote za pedali. Upande wowote ukigoma, safari iliyobaki uiendeshe umekanyaga kwa katikati ya wayo bila kunasa, au usukume.